"Mnanisikia?" Sio Salamu

Kila aliyewahi kusoma kwa mtandao analijua hili swali: "Mnanisikia?" Mhadhiri anauliza, watu watatu wanaandika "ndio", somo linaanza. Wale wasiosikia hawawezi kujibu, manake hata swali lenyewe halijawafikia. Na wale waliokwama nje, bado wanabonyeza linki, hao hawahesabiki kabisa. Baada ya saa mbili rejista inafungwa, na kijana aliyehangaika muda wote huo anaandikwa kwamba hakuhudhuria.

Maoni yangu leo ni haya, na najua kuna wahadhiri watakaonuna: mwanafunzi aliyekwama mlangoni si mtoro. Chuo kikihamishia darasa kwenye simu, mlango wa hilo darasa ni wa chuo. Ukikataa kufunguka, ni kazi ya chuo kuufungua, na mpaka ufunguke asiandikwe mtu ati hakufika.

Mimi hutengeneza video fupi za mambo ya simu na kompyuta hapa Kilifi, na kila muhula ukianza inboksi yangu hujaa. Wanaoniandikia ni watu wa Malindi, Mtwapa, Mariakani, Bamba, Marafa. Wengi wanaanza na maneno yaleyale: "Samahani kaka, nimejaribu kuingia darasani tangu saa mbili." Mbona waniombe samahani mimi? Na mbona waniulize mimi, mtu wa video, wakati wamelipa karo kwa chuo?

Turudi nyuma kidogo. Machi 2020 shule na vyuo vilifungwa nchi nzima kwa sababu ya korona. Tarehe 8 Aprili mwaka huo Kilifi, Mombasa na Kwale zikawekewa marufuku ya kuingia na kutoka. Walimu wengi walijikuta wanafundisha kwa Zoom bila hata siku moja ya mafunzo. Wakati ule nilielewa. Ilikuwa dharura, kila mtu alikuwa anapapasa gizani.

Lakini dharura iliisha. Agosti 2023 Chuo Kikuu Huria cha Kenya kilizinduliwa kule Konza, chuo cha umma kinachofundisha kwa mtandao. Vyuo vya kawaida navyo vimebaki na vipindi vya mtandaoni, manake ni rahisi kwao: hakuna ukumbi wa kutafuta, hakuna viti. Sasa kama hii ndio njia ya kusomesha, mambo ya kuingia na kusikia si bahati mbaya tena. Ni sehemu ya ufundishaji, kama chaki na ubao.

Shida ni kwamba tuna neno moja la kufunika kila kitu: network. Huwezi kuingia? Network. Sauti haitoki? Network. Na ukishasema network, mjadala umeisha, manake network ni kama mvua, hana wa kumlaumu.

Kuna siku ni kweli. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilikatika na intaneti ikawa ya kusuasua Afrika Mashariki nzima. Siku kama hio hata mimi nafunga simu nikanywe mahamri na chai. Kuna pia sehemu za Ganze na Magarini ambako mtu anapanda mlima kutafuta mawimbi, na nyaya zinatua Mombasa hapa, mwendo wa kilomita 60 hivi kutoka Kilifi mjini. Hilo lina mjadala wake.

Lakini nyingi ya shida ninazoletewa si network. Zina majina, na nyingi zinatatuliwa kwa dakika tano. Hebu tuzitaje.

Kuingia kwanza. Mtu anaandika namba yake ya usajili, kibodi ya simu inaongeza nafasi tupu mwishoni bila yeye kuona, mfumo unamkataa. Anarudia, anakataliwa, anarudia, akaunti inajifunga. Mwingine simu ilizima chaji siku mbili, ilipowaka tarehe ikawa ya mwaka uliopita, na tovuti salama zote zinamkataa kwa sababu saa ya simu haiendani na ya dunia. Mwingine ana barua pepe mbili kwenye simu, ya kwake na ya chuo. Linki inafunguka na ile ya kwake, inamwambia aombe ruhusa, naye anaomba. Mhadhiri yuko kwenye slaidi zake, ombi halioni. Mwingine namba ya siri ya mara moja inatumwa kwa laini aliyoipoteza mwaka jana.

Halafu kuna hii ambayo inaniudhi kuliko zote. Akaunti ya bure ya Zoom haibebi zaidi ya watu 100 kwa mkutano mmoja, na inakata baada ya dakika 40. Sasa chukua darasa la watu 130. Mia wa kwanza wakishaingia, wale 30 waliobaki hata wakae chini ya mnara wa simu wenyewe, hawaingii. Si bando lao, si simu zao, si uzembe wao. Ni akaunti iliyotumika. Lakini watakaoandikwa hawakufika ni hao 30.

Tuje kwa sauti. Kwenye simu, kuingia Zoom ni hatua moja na kujiunga na sauti ni hatua ya pili. Usipobonyeza hio ya pili, utaona midomo ikicheza kama samaki na usisikie kitu. Ukikataa ruhusa ya maikrofoni siku ya kwanza, hutasikika mpaka ukairuhusu kwenye mipangilio ya simu. Hedifoni za bluetooth zikiwa zimeungana na simu ya ndugu yako chumba cha pili, sauti ya somo haitatoka kwenye hizo hedifoni. Simu mbili darasa moja chumba kimoja, zote spika wazi, mwangwi unaua kikao kizima.

Na upande wa mwalimu je? Mwalimu ameweka laptopu chini ya pangaboi linalozunguka, au amesimama mita tatu kutoka kwenye maiki, au dirisha liko wazi na tuktuk zinapita. Wanafunzi themanini wanaandika "sauti haisikiki" na anayeambiwa arekebishe simu yake ni mwanafunzi. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mtu anayefundisha kwa waya wa ofisini hajui maana ya kulisikiliza somo lake kwa simu ya elfu saba.

Kuna na hesabu ya pesa, manake huku bando si hewa. Zoom wenyewe wanasema sauti peke yake inahitaji kilobiti 60 hadi 80 kwa sekunde, na video nzuri ya watu wawili ni kilobiti 600. Piga hesabu ya saa moja: sauti haifiki MB 40, video inapita MB 250. Sasa mhadhiri anayesema "washeni kamera zote nijue mpo" anamtoza mwanafunzi zaidi ya mara saba ya kile alichohitaji kusikia somo. Yule wa bando ndogo anaisha katikati, anatoka, na baadaye anaulizwa mbona hakumaliza kipindi.

Najua jibu litakalokuja. "Wanafunzi ni waongo. Tukikubali habari ya kukwama, kesho darasa zima limekwama." Ni kweli wapo. Wapo wanaoingia, wanaacha simu kitandani na kwenda pwani kuogelea. Lakini angalia vizuri: huyo aliyeacha simu kitandani ndiye anayehesabiwa yupo! Na yule aliyejaribu mara kumi na moja ndiye anayehesabiwa hayupo. Rejista ya namna hio haimkamati mwongo, inamkamata mwenye simu mbaya.

Na vyuo vingi vina sheria kwamba usipofikisha kiwango fulani cha vipindi, hufanyi mtihani. Kwa hivyo hili si jambo la kukosa somo moja ukaazima noti kwa rafiki. Mtu anaweza kurudia muhula mzima, na karo mara ya pili, kwa sababu ya nafasi tupu mwishoni mwa namba ya usajili. Ikiwa karo yenyewe mamako aliitafuta kwa kuuza korosho au kukaanga viazi vya karai jioni, utaelewa kwa nini naandika hili kwa hasira.

Ninachotaka si kikubwa, na karibu chote ni bure.

Kwanza, darasa lifunguliwe dakika 15 kabla ya somo, na awepo mtu. Si lazima awe mhadhiri. Mwakilishi wa darasa anatosha, akipewa uwezo wa kuruhusu watu kuingia. Dakika hizo ni za kujaribu sauti, mmoja mmoja akionyesha kidole kwamba anasikia.

Pili, iwepo namba moja ya kuripoti, ya WhatsApp au ya ujumbe mfupi, na iandikwe pamoja na linki. Aliyekwama apige picha ya skrini, saa ionekane, atume wakati huohuo. Picha ya saa mbili na dakika tano ni ushahidi. Picha iliyokuja jioni tunaweza kuibishania.

Tatu, somo lirekodiwe, na sauti yake peke yake itumwe kwenye kundi la darasa siku hiyohiyo. Video nzima ni mzigo, sauti ni nyepesi. Aliyekwama asikilize, ajibu maswali mawili matatu ya mwalimu, ahesabiwe amehudhuria. Hapo hata mwongo atalazimika kusoma!

Nne, CAT isifanywe kwa linki inayojifunga yenyewe bila nafasi ya pili kwa mwenye ushahidi. Kama stima ikipotea ukumbini mtihani husimama, basi na huku usimame.

Na chuo chenye madarasa ya watu zaidi ya mia kinunue akaunti inayobeba hao watu. Hii ndio pekee ya pesa. Kama kinatoza karo, kiwe na viti.

Sisi wanafunzi nasi tuna yetu. Ingia siku moja kabla ya muhula kuanza, sio dakika ya mwisho. Hakikisha saa ya simu inajipanga yenyewe. Ukinakili namba ya siri kutoka kwenye ujumbe, futa nafasi ya mwisho. Zima video, baki na sauti. Usisikie kitu, toka uingie tena kabla hujaanza kubadilisha mipangilio yote. Na laini iliyosajiliwa na chuo ikipotea, nenda ukaibadilishe mapema, usingoje namba ya siri itumwe kwenye simu ya mtu mwingine.

Hayo yetu tutayafanya. Ila mtu aliyefanya yote hayo, akakuta ni wa 101 kwenye akaunti ya watu 100, huyo hana la kufanya tena. Mbele yake kuna mlango, na ufunguo uko kwa mtu mwingine.

Kwa hivyo mhadhiri wangu, wiki ijayo ukifungua kipindi, badala ya kuuliza "Mnanisikia?" na kuendelea, soma majina. Atakayekosekana, mwambie mwakilishi wa darasa ampigie, dakika mbili tu, amuulize amekwama wapi. Ukimaliza hapo, ndio ufungue slaidi.