Treni ya saa saba mchana iko wapi?

Wasee wa Eastlands, nina swali moja tu. Uko Donholm saa saba mchana, unataka kwenda tao. Reli iko hapo mbele yako. Stesheni pia iko, tena bado mpya. Treni iko wapi?

Hakuna. Ilipita asubuhi ikipeleka watu tao, na itarudi nao jioni. Hapo katikati, reli ni ya mbuzi na ya watu wa kukata njia kwa mguu.

Wengi husema hii ni uzembe tu. Mimi naona ni kitu cha zamani zaidi. Hii reli ilijengwa kubeba mizigo na mikono ya kazi, na mpaka leo ratiba yake inajua mikono tu.

Turudi nyuma kidogo. Reli ilianza Mombasa 1896, ikafika hapa mwisho wa Mei 1899. Hapa palikuwa kinamasi na mto ambao Wamaasai waliuita kwa maji yake baridi, na jina Nairobi likatoka hapo. Wakoloni wakaweka depo kwa sababu mbele kulikuwa na mlima wa kupanda kwenda Limuru, na hapa palikuwa tambarare. Makao makuu ya reli yakahama kutoka Mombasa. Kwa hivyo stesheni ilikuja kwanza, tao ikamea kando yake. Na kuijenga hiyo reli mpaka Kisumu, Wahindi zaidi ya 30,000 waliletwa. Karibu 2,500 walikufa.

Sasa sisi tunaingia wapi? Muthurwa na Makongeni zilikuwa nyumba za wafanyakazi wa reli. Hata Landhies Road, ile unapita kila siku ukiwa kwa mathree, jina lake linatokana na vile vyumba vya kulaza vibarua wa reli. Yaani Eastlands ni mtoto wa hii stesheni. Babu zetu waliwekwa huku ili wafike kazini mapema, kazi ikiisha warudi walale. Hakuna aliyewauliza kama wangependa kutembea mchana.

Ukiangalia ratiba ya leo, utaona fikra ni ileile. Asubuhi ingia, jioni toka.

Sikatai, kuna kazi imefanywa. Syokimau ilifunguliwa 2012. Mwaka wa 2020 yakaja mabehewa yenye injini, mitumba kutoka Uhispania, na Donholm na Pipeline zikapata stesheni. Na asubuhi, ukiwa ndani ya treni kutoka Makadara huku Jogoo Road imefunga, unajisikia mfalme. Ndiyo maana inauma. Kitu kinafanya kazi, halafu kinazimwa saa ambazo pia tunakihitaji.

Mwanafunzi wa darasa la saa tano hana treni. Soja aliyekesha Industrial Area hana treni ya kumrudisha kulala. Dada anayeosha vyombo hotelini tao mpaka saa nne usiku hana treni. Wote hawa ni wa mathree, na mathree inajua hawana pa kwenda. Juzi mvua ikinyesha, konda mmoja alinitoza soo kwa safari ya finje. Nililipa. Ningefanya nini?

Najua jibu litakalokuja: njia ya reli ni moja, treni ni chache, na kuna ya mizigo pia. Sawa. Lakini njia ikiwa moja, treni hupishana stesheni. Hiyo si sayansi mpya, ndivyo reli za njia moja zinavyofanya kazi tangu enzi za mvuke. Tena abiria wa SGR ya Mombasa wana treni ya kuwaunganisha kutoka stesheni ya tao mpaka Syokimau, na saa zake zinafuata safari zao. Kwa hivyo inawezekana. Inategemea tu ni nani anangojewa.

Halafu kuna Railway City. Desemba 2022 Rais Ruto aliizindua akiwa na waziri wa Uingereza. Ni karibu ekari 425 kuzunguka stesheni yetu ya zamani, na stesheni mpya ndani yake. Kwa picha ni safi sana. Mimi sina shida na maghorofa. Shida yangu ni hii: ukijenga stesheni ya mabilioni na treni bado inakuja asubuhi na jioni, umejenga mlango mkubwa wa nyumba isiyo na vyumba.

Anzeni na ratiba. Treni moja kila saa mbili mchana, Makadara, Donholm, Pipeline mpaka Embakasi. Moja ya usiku. Na Jumapili isisahaulike, kwa sababu hata Jumapili tuna mahali pa kwenda.

2027 si mbali. Watakuja mtaani na magari yenye spika, waahidi barabara, wagawe fulana. Chukua fulana, ni yako. Lakini kabla aondoke, muulize hilo swali moja. Treni ya saa saba iko wapi? Akianza kuzungumza juu ya maghorofa, ujue hajawahi kuingoja.