Mdai Hawi Kadhi

Katika vyuo vikuu vyetu Makamu Mkuu wa Chuo ndiye mtendaji hasa. Mkuu wa Chuo ni cheo cha heshima. Utaratibu huu tuliurithi kwa Waingereza, na huko kwao limetokea la kuzingatiwa.

Mwaka 2017 Makamu Mkuu wa Chuo Kikuu cha Bath, Profesa Glynis Breakwell, alikuwa akilipwa pauni 468,000 kwa mwaka. Februari mwaka huo ililetwa mkutanoni hoja ya kuilaumu kamati ya mishahara. Ikashindwa kwa kura 33 dhidi ya 30, naye alikuwa miongoni mwa walioipinga! Novemba chombo kilichosimamia fedha za vyuo kikakosoa mwenendo huo, na mwezi huo huo akatangaza kung'atuka.

Hatuna ugomvi na mshahara mnono. Kuongoza chuo si kazi ya lelemama. Tunalolikataa ni mtu kuwa mdai na kadhi katika shauri lake. Manaibu wake, ambao kila siku huketi naye meza moja, nani kati yao angethubutu kumwambia atoke nje? Hiyo ilikuwa kazi ya baraza la chuo. Nasi tunaoshika wenyewe daftari la michango ya madrasa, tumeshamkabidhi nani alikague?