Simu Imekufa, Picha Je?

Wengi wetu tulivuka mpaka bila albamu. Picha ya marehemu mama, ya nyumba tuliyoiacha, ya mtoto siku aliyozaliwa, mara nyingi iko kwenye simu moja tu. Simu hiyo ikifa, msiiuze kwa bei ya vipuri kabla ya kujaribu haya.

Kwanza, pigeni namba yake. Ikilia na kioo bado cheusi, basi kilichokufa ni kioo, na picha bado zimo. Fundi akiweka kioo kingine mtazipata.

Pili, tazameni kama ina memori kadi. Kama picha zilihifadhiwa humo, itieni kwenye simu nyingine. Laini haitunzi picha, msihangaike nayo.

Tatu, zikiwa kwenye memori ya ndani, kazi ni kuiamsha simu yenyewe: betri, tundu la chaji, au ubao wa ndani. Kwa simu za zamani, fundi mwenye vifaa aliweza kung'oa kidude cha memori na kukisoma pembeni. Simu nyingi za leo zinafunga picha kwa kufuli, na ufunguo wake umo ndani ya simu hiyohiyo. Kidude peke yake hakitoi kitu. Kwa hiyo mwambieni fundi mapema: "Tunataka picha kwanza, simu baadaye." Akitaka kuiflashi, kataeni, maana mara nyingi inafuta kila kitu. Na mkae naye hapo mpaka amalize. Picha za familia si za kuachwa kibandani.

Iliyoingia maji izimeni, toeni betri kama inatoka, na msiitie chaji. Kuizika kwenye mchele hakuiponyi. Mchele upikeni tu, watoto wale.

Fundi akishindwa, bado kuna mlango. Ingieni kwenye akaunti yenu ya Google kwa simu nyingine. Kama picha zilikuwa zinahifadhiwa huko, mtazikuta. Tena waulizeni ndugu mliowatumia kwa WhatsApp. Shangazi aliyebaki nyumbani, au binamu aliyehamia Marekani, huenda anayo ile mnayoililia.

Na wenye simu nzima? Leo hii chagueni picha kumi ambazo hamwezi kuzipata tena, mzitume kwa mtu mmoja mnayemwamini. Picha moja, mahali pawili.

Haya, tukutane mwezi ujao.