Jino Lionekane Mbele ya Kuuma



Trimestri iliyopita mwenzetu mumoja wa internati alikosa mitihani miwili juu ya jino. Shavu lilivimba sana, na alipofika kwa muganga, hakukuwa tena dawa ila kung'oa. Tulimwuliza: "Lilianza lini?" Akajibu: "Sijui, halikuwa linauma." Neno lile ndilo linatufanya tuandike leo.

Jino haliozi siku moja. Vijidudu vinakula sukari, vinatoa asidi, nayo asidi inapunguza madini ya jino kidogo kidogo. Mwanzo vinatokea vitundu vidogo sana. Jicho halioni kitu, ao linaona doa jeupe tu. Wakati ule floru ingali inaweza kulitengeneza jino, pasipo kulitoboa.

Kule Marekani, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Michigan walitengeneza vipunje vya amido, maana wanga kama ule wa bugali yetu, vyenye rangi ya kung'aa. Vinapimwa kwa nanometa, na milimeta moja ina nanometa 1.000.000. Mtu anasukutua navyo, anaosha kinywa na maji, kisha muganga anamulika taa ya buluu. Pale jino limeanza kuoza, vipunje vimeingia, panang'aa. Halafu mate yanavunja ile amido, sawasawa vile tulijifunza katika biolojia.

Wala si kila kinachong'aa kinafaa kinywani. Nukta za kwanta, zilizowapatia Bawendi, Brus na Ekimov tuzo la Nobel la kemia mwaka 2023, nyingi zina kadmiumu, nayo ni sumu. Ndiyo sababu amido inatupendeza.

Wengine watasema: "Mambo ya mbali! Siye hatuna hata na muganga wa meno." Ni kweli. Lakini wale wataalamu wanatafuta ugonjwa mbele ya maumivu, na hiyo hata sisi tunaweza. Tunamwomba Bwana Prefe siku moja kila trimestri, mufirmye wa dispansere atumulike kinywani na tochi, atafute yale madoa meupe. Nasi wanafunzi tupige mswaki asubuhi na magaribi, tupunguze bombo.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na jino liking'olewa, hakuna fundi wa kulijenga tena.