Saini ikae pembeni

Mwandishi, hapo uliposema jezi iliyochezewa isainiwe na mchezaji sikubaliani nawe. Jezi aliyovaa Mbwana Samatta Wembley, Machi 1, 2020, alipoifungia Aston Villa kwa kichwa dhidi ya Manchester City, inatosha na jasho lake. Ukiichora kifuani kwa maka peni umeigeuza bango. Tena wino wenyewe husambaa na kufifia. Hata jezi ya Maradona ya 1986, iliyouzwa Sotheby's mwaka 2022 kwa pauni milioni 7.1, ilithibitishwa kwa kulinganishwa na picha za mechi. Saini? Huku kwetu Zegereni nakutafutia kijana akuigie kwa buku tatu! Mchezaji asaini picha, iwekwe fremu moja na jezi. Ila jezi mpya ya dukani asaini tu, haina cha kuharibika.