Mdomo Unaotafuna Bila Chakula

Mjini Same, na huko juu Vudee, Mamba na Gonja, mtu anayetafuna bila chakula, anayechomoza ulimi na kuchezesha vidole, husemwa upesi: wazimu umemrudia. Wengine husema amelogwa. Wote wamekosea, lakini lawama kubwa ni ya wale wanaojua wakanyamaza.

Ndugu msomaji, hizo mara nyingi ni athari za dawa. Klopromazini ilianza kutumiwa kutibu wazimu jijini Paris mwaka 1952. Dawa hii na wenzake zimewatoa wengi kwenye minyororo, sizitukani. Lakini mwaka 1957 Schönecker, daktari wa Ujerumani, alikwisha kueleza habari za wagonjwa wa klopromazini ambao midomo yao ilicheza yenyewe. Dawa hizi huzuia kazi ya dopamini katika ubongo, na zikitumika muda mrefu misuli huweza kuanza kwenda bila amri. Wazee wako hatarini zaidi. Mara nyingine hali hiyo haiondoki hata dawa ikiachwa.

Mwalimu mwenzangu mmoja alidungwa sindano kila mwezi kwa miaka mingi bila kuambiwa neno. Midomo ilipoanza kucheza, akaongezewa vidonge vya benzeksoli, ambavyo husaidia mtu aliyekakamaa lakini huweza kuizidisha hali hii. Watoto wakamwigiza njiani. Akaacha kwenda kanisani.

Nimeambiwa: "Ukimweleza mgonjwa, ataacha dawa." Hoja hiyo ni ya mtu asiyewahi kufundisha. Mwanafunzi aliyefichwa sababu ndiye anayetoroka. Mgonjwa asiyeelezwa, siku atakapouona mdomo wake ukicheza, ataitupa dawa siku hiyohiyo, na ugonjwa utamrudia.

Ninachodai hakihitaji mashine wala fedha za wafadhili. Kabla ya sindano ya kwanza, mgonjwa na ndugu zake waelezwe. Kila baada ya miezi michache, daktari au muuguzi amwambie afungue mdomo, atoe ulimi, anyooshe mikono, kisha aandike alichokiona. Dalili zikigunduliwa mapema, daktari aweza kupunguza kipimo au kubadili dawa; jambo hilo lisiamuliwe nyumbani.

Marekani iliidhinisha dawa za hali hii mwaka 2017. Tusikae kuzingoja. Kumwambia mgonjwa ukweli kuhusu kinachoingizwa mwilini mwake ni haki yake, wala si hisani, na haki hiyo haiuzwi dukani.