Pesa za korona zilifuata nguruwe

Marekani kuna hadithi inayopendwa sana, na hata huku kwetu wengi wameimeza: kwamba korona ilipovuruga masoko mwaka 2020, serikali ilimwokoa mkulima mdogo. Anayeiamini aende kaunti za mashambani za Iowa, jimbo ambalo nguruwe ni wengi kuliko watu, aangalie hesabu ilivyopigwa.

Aprili mwaka ule Wizara ya Kilimo ilitangaza mpango wa dola bilioni 19, na bilioni 16 kati ya hizo zilikuwa za kuwalipa wakulima moja kwa moja. Hakuna aliyemuuliza mfugaji kama yuko taabani. Aliulizwa ana nguruwe wangapi. Fungu moja la mpango lilitoa dola 17 kwa kila nguruwe, kwa idadi kubwa kabisa aliyokuwa nayo mfugaji kati ya Aprili 16 na Mei 14. Mwenye nguruwe 100 alihesabiwa dola 1,700. Mwenye 10,000 alihesabiwa 170,000. Kikomo kiliwekwa, dola 250,000 kwa mtu mmoja, lakini shamba lililosajiliwa kama kampuni liliweza kufika 750,000 iwapo wenye hisa watatu walilifanyia kazi au kulisimamia.

Watetezi wa mpango wanasema mwenye mifugo mingi ndiye aliyepata hasara kubwa. Ni kweli, na simdharau mfugaji aliyelazimika kuua wanyama wazima kwa sababu machinjio yamefungwa. Lakini hiyo ni fidia ya biashara, na iitwe hivyo. Msaada huanza kwa anayezama. Msimu mmoja mbaya unaweza kumtoa mwenye nguruwe 100 katika ufugaji moja kwa moja. Mwenye 10,000 ana benki itakayompokea mlangoni.

Halafu wako wafugaji wa mkataba. Mabanda ni yao, na deni la kuyajenga liko shingoni mwao, ila nguruwe ni mali ya kampuni. Malipo yalimfuata mwenye mnyama, kwa hiyo awamu ya kwanza iliwapita hivi hivi. Bunge lilikuja kuwakumbuka Desemba.

Kinachoniuma kuliko vyote ni Waterloo, Kaunti ya Black Hawk. Katika kiwanda cha nyama cha Tyson, miongoni mwa waliosimama bega kwa bega wakikata nyama walikuwemo ndugu zetu kutoka Kongo, watu ambao Kiswahili ni lugha yao kama ilivyo yetu. Idara ya afya ya kaunti ilihesabu wafanyakazi zaidi ya 1,000 walioambukizwa. Wengine walikufa. Kiwanda kilisimama Aprili 22, kikarudi kazini Mei 7, siku chache baada ya Rais Trump kutoa amri kwamba viwanda vya nyama viendelee kufanya kazi. Bila mikono ile, nguruwe wa Iowa hawakuwa na soko, wawe 100 au 10,000.

Mwaka 2021 wizara ile ile ilitangaza malipo kwa wafanyakazi wa mashambani na wa viwanda vya nyama: dola 600 kwa mtu, mara moja tu. Zigawanye kwa 17. Ni nguruwe 35.